Namna ya Kuitazama "Le Salaire de la peur", Filamu ya Malori Mawili na Mzigo Usiotaka Kutikiswa

Tenga saa mbili na nusu ambazo hakuna atakayekuita. Hilo ndilo la kwanza. Le Salaire de la peur, yaani Ujira wa Hofu, ni filamu ya Kifaransa ya mwaka 1953, isiyo na rangi, na haitazamwi vipande vipande. Ukiinuka katikati ukaenda kula, ukirudi utaona lori linakwenda polepole barabarani na hutaelewa kwa nini wenzako wameacha kuongea.

Kisa chenyewe hakina kona nyingi. Katika kijiji cha Las Piedras, mahali pa kubuni huko Amerika ya Kusini, wamekwama wanaume wengi wa Ulaya wasio na kazi wala nauli ya kuondokea. Kisima cha kampuni ya mafuta ya Kimarekani kinashika moto, karibu kilomita 500 kutoka hapo. Moto wa namna hiyo haumwagiwi maji ukazimika. Unalipuliwa, mlipuko ufukuze hewa inayoulisha. Kinachotakiwa ni nitrogliserini, nayo ipo kwenye madumu, lakini magari maalumu ya kuibeba hayapo. Kampuni inatafuta madereva wanne wa malori mawili ya kawaida, na inaahidi dola 2,000 kwa kila mtu atakayefika.

Ninaieleza filamu hii kama dereva. Nimeshuka Kitonga usiku na mzigo mzito nyuma yangu, nimelala kwenye foleni ya Tunduma nikisubiri kuvuka, na ni kwenye maegesho ya namna hiyo ndipo nimeitazama na madereva na matingo wenzangu, tumebanana mbele ya kompyuta mpakato moja. Wengi wao hawakuwa wameona filamu ya Kifaransa hata siku moja. Hakuna aliyesinzia. Ninayokuambia hapa ni yale niliyoona yakimsaidia mtu wa kawaida kuingia ndani yake.

Kabla hujabonyeza

Hakikisha umepata toleo kamili. Filamu ilipofikishwa Marekani mwaka 1955 ilikatwa, na sehemu zilizoondolewa ni pamoja na zile zinazoionyesha kampuni ya mafuta kwa sura mbaya. Ya kwako ikiwa inaishia kwenye saa mbili au chini ya hapo, tafuta nyingine. Angalia pia jina la mwongozaji: Henri-Georges Clouzot. Mwaka 2024 ilitoka filamu nyingine ya Kifaransa yenye jina hilohilo, na kabla yake Mmarekani William Friedkin alikuwa amekipiga upya kisa hiki mwaka 1977 kwa jina la Sorcerer. Zote mbili zina rangi. Ukiona rangi, hiyo siyo.

Usichukue iliyowekewa sauti za lugha nyingine. Humo ndani watu wanasema Kifaransa, Kihispania, Kiingereza, Kiitaliano na Kijerumani, na kila lugha inapobadilika kuna jambo linabadilika: nani anaomba, nani anaamuru, nani anafichwa neno. Kwa sabtaito, wengi wetu tutalazimika kutumia za Kiingereza. Kama unatazama na mtu asiyesoma Kiingereza, mweleze kisa chote cha mwanzo mapema, mpaka pale malori yanapoondoka, halafu nyamaza. Najua tumekulia kwenye vibanda vya video ambako mtafsiri anaongea mwanzo mpaka mwisho, na mimi nawapenda watafsiri wale. Lakini hii ukiongea juu yake unaiua, kwa sababu baada ya malori kuondoka maneno ni machache na kinachobaki ni injini, mawe na pumzi za watu.

Ndiyo maana nasisitiza spika nzuri. Muziki umeandikwa na Georges Auric, mtunzi mkubwa wa Ufaransa, na bado kwa muda mrefu hutausikia kabisa. Clouzot ameacha lori liseme. Mtu aliyewahi kushika usukani atasikia gia inaingia, atasikia injini inalemewa, na mguu wake mwenyewe utaanza kutafuta klachi sakafuni. Kwenye spika ya simu hayo yote yanapotea.

Saa ya kwanza

Hapa ndipo watazamaji wengi hukata tamaa. Kwa karibu saa nzima hakuna lori lenye mzigo. Kuna jua, mkahawa, madeni, ugomvi, na watu wanaongojea. Nakusihi usisogeze mbele hata dakika moja, kwa sababu yote yatakayokutetemesha baadaye yanafungwa hapa.

Picha ya kwanza kabisa ni mtoto anayechezea mende aliowafunga kwa uzi. Usiipite haraka. Kisha wajue wanaume wanne, kila mmoja na kinachomsukuma. Mario, anayechezwa na Yves Montand, ana tiketi ya treni ya chini ya ardhi ya Paris aliyoitunza, ya kituo cha Pigalle. Kijana huyu anaishi kwa kuikumbuka barabara ya mji mwingine. Jo, anayechezwa na Charles Vanel, anawasili kwa ndege akiwa amevaa vizuri na kutembea kama bwana mkubwa, na kijiji kizima kinamwogopa kabla hajafanya lolote. Luigi ni fundi ujenzi wa Kiitaliano mwenye kicheko kikubwa, na daktari amemwambia saruji imemharibu mapafu. Akibaki kwenye kazi hiyo atakufa. Bimba hasemi mengi. Baba yake aliuawa na Wanazi, yeye mwenyewe akafanyishwa kazi kwenye migodi ya chumvi, na ukishalijua hilo utaelewa kwa nini mikono yake ni mitulivu kuliko ya wote.

Pale Las Piedras panaonekana pa kweli kiasi kwamba watu hushangaa nikiwaambia Amerika ya Kusini haikupigwa picha hata kidogo. Kijiji kilijengwa kusini mwa Ufaransa, upande wa Camargue. Kazi ilianza mwaka 1951, mvua zikanyesha mpaka zikaharibu kila kitu, ikabidi wasimame na kumalizia mwaka uliofuata. Lakini Clouzot hakuwa akibahatisha. Alikuwa amekwenda Brazili na mke wake Véra, aliyezaliwa Rio de Janeiro, na alikuwa na nia ya kupiga filamu huko ambayo haikutimia. Véra ndiye Linda, msichana wa mkahawani, na hii ni filamu yake ya kwanza. Aliyekiandika kisa kwanza kama riwaya, mwaka 1950, alijiita Georges Arnaud. Jina lake halisi lilikuwa Henri Girard. Alishitakiwa kwa mauaji ya baba yake, shangazi yake na mtumishi wao, mahakama ikamwachia huru mwaka 1943, naye akaenda kuhangaika Amerika ya Kusini akifanya kazi za kila namna. Mtu huyo aliijua hali ya kukwama ugenini.

Sasa ngoja tufike ofisini kwa kampuni. Msikilize O'Brien, msimamizi, anapoulizwa kwa nini kazi hii wasipewe waajiriwa wa kampuni. Jibu lake ni kwamba wale wana chama cha wafanyakazi; hawa waliokwama kijijini hawana chama wala ndugu wa kuwadai. Nikiwa na madereva wenzangu, hapo ndipo wa kwanza husema neno kwa sauti. Kisha O'Brien anawakusanya wanaoomba kazi na kuwaonyesha mzigo wenyewe. Anadondosha kiasi kidogo tu sakafuni.

Baada ya hapo umeshafundishwa. Wewe uliyekaa kitini unajua kile wanachojua wao: kishindo, joto, kutikisika. Hofu ya filamu hii imejengwa kwa maarifa, na hapo ndipo ninapoiona tofauti na filamu nyingi za kutisha tunazozijua. Zile hukuficha kitu nyuma ya mlango na kukurushia usoni. Hii imekuonyesha kila kitu mapema, ikakupa kanuni za mzigo, na kuanzia dakika hiyo jiwe dogo barabarani linatosha. Huhitaji kinyago wala kelele. Kamera inaangalia tairi, kisha jiwe, kisha dumu, na hesabu unaipiga mwenyewe.

Malori yakishaondoka

Kuna mitihani minne barabarani. Sitakuambia matokeo yake; nitakuambia pa kuweka macho.

Mtihani wa kwanza kila dereva wa Afrika Mashariki anaujua: barabara ya vumbi iliyojaa migongo kama ya bati. Kwa asiyeendesha, kanuni yake ni hii. Ukienda taratibu sana, tairi linashuka na kupanda kila mgongo bila kishindo. Ukienda kasi vya kutosha, tairi linarukia migongo ya juu bila kuzama katikati, na gari linatulia. Mwendo wa katikati ndio unaong'oa bodi. Filamu inaitaja kanuni hiyo waziwazi: ama utambae, ama upite kilomita 60 kwa saa na usishuke hapo mpaka njia iishe. Sasa weka nitrogliserini nyuma. Weka malori mawili kwenye njia hiyohiyo, na mwendo wao usilingane. Katika sehemu hii usimtazame dereva peke yake, tazama umbali uliobaki kati ya lori na lori. Clouzot anakuonyesha umbali huo mara kwa mara na hakudanganyi hata mara moja.

Mtihani wa pili ni kona ya mlimani ambayo lori haliwezi kuikata kwa mkupuo mmoja. Inabidi lirudi nyuma juu ya jukwaa la mbao lililotoka nje ya ukingo wa korongo, na mbao zimeoza. Kurudi nyuma na mzigo mrefu mlimani ni kazi ambayo hata kwenye lami inamtoa mtu jasho, na anayekuongoza kwa mkono nyuma ndiye macho yako. Kwa hiyo mwangalie sana huyo anayeongoza. Mtaalamu wa picha, Armand Thirard, ameweka kamera chini karibu na mbao ili uone zinavyolalamika, lakini mimi naona jambo kubwa zaidi liko kwenye uso wa mtu aliyesimama nyuma ya lori.

Mtihani wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote. Jabali limeziba njia. Bimba anaamua kulilipua kwa kutumia sehemu ya mzigo wenyewe: anachota nitrogliserini kidogo, anaitia kwenye chupa ya chai, na anaibeba kwa mkono. Kaa kimya kabisa hapa. Filamu haiharakishi. Inakuonyesha kazi yote, hatua kwa hatua: tundu kwenye jiwe, kimiminika kinavyoingizwa humo, nyundo iliyotundikwa kwa kamba, moto unaokula kamba hiyo taratibu ili nyundo ianguke wakati watu wameshakwenda mbali. Mwongozaji mwingine angekata picha afike kwenye mlipuko. Clouzot anajua kwamba raha ya kumtazama fundi anayeijua kazi yake na hofu ya kumpoteza ni kitu kimoja. Tazama mikono ya Bimba, halafu tazama wenzake wamesimama umbali gani, na nani amekwenda mbali kuliko inavyohitajika.

Baada ya jabali kuna utulivu kidogo. Watu wanapumua. Mara nyingi mtazamaji naye huchukua simu hapo. Usichukue. Jo ameketi ndani ya lori anasokota sigara. Mtazame yeye na tumbaku iliyo kwenye karatasi. Ni picha ya sekunde chache, na kwangu hakuna sehemu ya filamu yoyote iliyosema mengi kwa kitu kidogo namna hiyo.

Mtihani wa nne ni dimbwi la mafuta ghafi. Nakuachia. Ila mkimaliza, mjadili swali hili: lori likisimama mle katikati, litatoka? Wenzangu wa barabarani wamelibishania mpaka usiku wa manane, na waliojibu haraka ndio waliobadilisha jibu.

Mario na Jo

Ukitaka kuitazama mara moja tu, fuata mzigo. Ukiitazama tena, fuata hawa wawili, kwa sababu filamu ni yao. Kijijini Jo ndiye mkubwa. Mario anamfuata, anamwiga, anamtupa rafiki yake wa zamani Luigi kwa ajili yake. Kumbuka pia kwamba Jo hakuchaguliwa mwanzoni; alfajiri ya safari aliyechaguliwa haonekani, na anayetokea ni Jo. Hakuna anayeuliza sana. Kisha lori linaondoka, na kilomita baada ya kilomita ukubwa wa Jo unamwagika.

Watu humwita mwoga na kuishia hapo. Inasemekana hata Jean Gabin, nyota mkubwa kuliko wote Ufaransa wakati huo, aliikataa nafasi hiyo kwa kutotaka kuonekana mwoga mbele ya watazamaji wake. Akaichukua Vanel, mtu aliyekuwa akikaribia miaka sitini na aliyeigiza tangu enzi za filamu zisizo na sauti, na tamasha la filamu la Cannes likamtaja kwa heshima ya pekee. Nadhani alielewa jambo ambalo Gabin hakulitaka. Jo ana mawazo mengi kuliko Mario. Kila jiwe analiona kabla halijafika, na kila mara anakufa kwa jiwe hilo. Kuna mahali anamweleza Mario kwamba hapa pana mgawanyo wa kazi: Mario anaendesha, yeye anaogopa, na vyote viwili vinalipwa. Jina la filamu limekaa kwenye sentensi hiyo. Mimi namheshimu Jo. Nimesafiri na watu wa aina zote mbili, na ninayemtaka pembeni yangu kwenye mteremko ni yule anayeuona mteremko.

Montand naye, mpaka hapo, Wafaransa walimjua zaidi kama mwimbaji. Mtazame anavyobadilika usoni kila Jo anapopungua. Anakuwa mkali, halafu anakuwa mkatili, na filamu haimpigii makofi. Ukatili huo ulikuwepo tangu kijijini: angalia anavyomtendea Linda, hasa lori linapoondoka. Ukitazama na vijana, msilipite jambo hilo kimya. Nina lawama yangu moja kwa Clouzot pia: wenyeji wa Las Piedras, ambao ndio wanaokufa kwanza kwenye kisima kile, wanabaki pembeni mwa picha karibu muda wote, na sisi tunaletewa huzuni ya Wazungu waliokwama. Umati wa kijiji unakusanyika baada ya habari za moto, unaona nyuso zao, kisha filamu inawaacha. Ningetaka dakika kumi zaidi hapo.

Mwisho, na baada ya mwisho

Muziki unarudi mwishoni, kutoka redioni: valsi, yaani muziki wa dansi ya zamani ya Ulaya, ya Johann Strauss, ile ya Danube ya bluu. Wapo wanaouchukia mwisho huu na kusema umelazimishwa. Mimi naona hauwezi kuwa mwingine. Ili uamue mwenyewe, jiulize swali moja wakati valsi inapigwa: kati ya watu unaowaona kwenye picha, nani bado anaogopa?

Filamu ilipata tuzo kuu Cannes na Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka huohuo wa 1953. Lakini usianzie hapo unapomshawishi mtu. Tuzo za miaka ile hazimsogezi mtu kitini. Mwambie kuna watu wanne, malori mawili na chupa ya chai.

Ukishaipenda, endelea kwa mpangilio huu. Chukua kwanza Les Diaboliques ya Clouzot huyohuyo, ya mwaka 1955, iliyochezwa na Véra Clouzot pamoja na Simone Signoret, ambaye alikuwa mke wa Montand. Humo taharuki inajengwa kinyume kabisa: unafichwa, na kufichwa huko ndiko kunakokula moyo, kwa hiyo usimruhusu mtu akusimulie hata nusu yake. Kisha tafuta Du rififi chez les hommes ya Jules Dassin, ya mwaka huohuo, yenye wizi wa karibu nusu saa usio na neno wala muziki. Aliyeipenda sehemu ya jabali ataijua mara moja raha yake. Halafu Le Trou ya Jacques Becker, ya 1960, ambamo wafungwa wanachimba sakafu ya gereza na unaona karibu kila pigo la chuma. Sorcerer ya Friedkin iweke ya mwisho, usiku mwingine kabisa, na kabla hujaianza itazame tena barabara ya migongo ya Clouzot ili ulinganishe namna kila mmoja wao anavyoliendesha lori.